Mlango wa Kuinamia

Waliojenga Ngome ya Kidzumbani hawakumwamini mtu. Ukitaka kuingia hufunguliwi lango kubwa la mvule. Unapitia kijilango kilichokatwa tumboni mwake, kifupi hata mtoto wa madrasa hukipita kwa kuinama. Ukishainama huna macho wala mikono: macho yanatazama chini, mikono inashika vizingiti. Na hapo hapo, juu ya kisogo chako, dari lina tundu la mraba. Zamani za vita, mtu alikaa juu ya tundu hilo na rundo la mawe kando yake. Adui aliyeinama chini ya tundu hilo aghalabu hakuinuka.

Mzee Suleiman, mtunzaji wa ngome, alifia papo hapo jana alfajiri.

Inspekta Twaiba Shutu aliinama, akapita, akasimama karibu na doa la damu. Nyuma yake Koplo Kimeu alikwama tumbo, akanung'unika, akajivuta mpaka akatokeza. Alikuwa mtu wa bara, askari mkongwe mwenye moyo mzuri na haraka ya chakula cha mchana.

"Afande, hii stori imeisha kitambo," akasema huku akijipangusa vumbi. "Mtu ameshikwa na damu mpaka viwiko. Mimi ni Mkamba kama yeye na bado siwezi kumtetea. Bosi anataka afikishwe Mombasa leo. Wacha tumpeleke, yaishe."

"Yaishe kwa nani? Ukishampeleka, nani atalala salama nyumbani kwake usiku wa leo?"

Kimeu alilijua jibu. Mutinda, fundi wa mawe aliyekuwa amefungwa pingu ndani ya Landrova pale nje, alikuwa na shamba kwenye skimu, mashamba yaliyogawiwa na serikali, nyuma ya kijiji. Fujo za mwaka jana zilimkimbiza yeye na watu wa bara wengi. Mwaka huu wa tisini na nane alirudi na mkewe Kavindu na watoto, na aliyempokea, akampa kazi ya kukarabati kuta za ngome, ni marehemu huyuhuyu. Leo Mzee Suleiman angezikwa baada ya sala ya alasiri. Vijana walikuwa wamekwisha kusema, tena bila kunong'ona, kwamba wakitoka makaburini watapitia skimu. Kumpeleka Mutinda Mombasa kabla ya maziko kulikuwa sawa na serikali kuwapigia muhuri.

Tena kulikuwa na jambo lililomkera Twaiba rohoni. Yeye ni Mdigo wa Kombani. Jana pale matangani wanawake walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, wakamwambia, "Wewe ni wetu, mwanangu." Hakuna aliyemwomba atafute ukweli. Hilo lilimtia hofu kuliko ile maiti.

"Nieleze tena ulivyoona jana," akamwambia Kimeu.

"Mzee amelala kifudifudi, nusu ndani nusu nje. Jiwe kando. Mutinda amempakata kichwa anapiga kelele. Mzee amefungwa kitambaa toka kidevuni mpaka utosini, na mdomoni ana pamba. Amezibwa mdomo, afande, asiite watu. Kisha akapigwa jiwe."

"Kijijini wanasema amefungwa taya kama afungwavyo maiti. Ati muuaji alimkejeli," Twaiba akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nyote mnabahatisha. Asubuhi nimekitazama kitambaa kule mochari ya Msambweni. Kimechanika palepale fuvu lilipopasuka. Kwa hiyo alikuwa amekifunga kabla ya jiwe, si baada yake. Na anayezibwa mdomo kwa nguvu hufungwa mikono pia, la sivyo angekivua. Mikono yake ilikuwa huru. Sasa niambie wewe: ni nani hujifunga taya kwa hiari yake?"

Kimeu alikuna shavu. "Mimi hujifunga hivyo," akasema kwa aibu kidogo, "jino likiniuma."

Twaiba alimtazama kama mtu aliyepoteza ufunguo kisha akauona mkononi mwa jirani.

"Nenda kwenye redio. Kituo kipige simu hospitali. Daktari amfungue mdomo tena atazame meno."

Kimeu aliinama tena, akakwama tena. Twaiba akaziendea ngazi.

Ngazi zilifichwa ndani ya unene wa ukuta, giza tupu, na kidato kimoja kilijengwa kirefu kuliko vyenzake kwa makusudi, ili mgeni ajikwae na kuwaangukia wenziwe. Twaiba alijikwaa, akaguna tusi la Kidigo ambalo mama yake hakumfundisha. Juu alikuta chumba kidogo chenye tundu katikati ya sakafu na mawe ya matumbawe yamepangwa pembeni. Aliyapanga Mzee Suleiman mwenyewe ili watalii wapige picha. Nafasi ya jiwe moja ilikuwa wazi.

Akaenda kwenye matundu ya bunduki. Yalikuwa mapana kwa ndani na membamba kwa nje, ili anayelenga awe na nafasi na anayelengwa asione kitu. Akachungulia moja baada ya jingine. Yote yalitazama mkono wa bahari. Hakuna hata moja lililotazama njia ya kuja langoni! Njia ilionekana kutoka kwenye buruji tu, ule mnara wa pembeni, na buruji lilikuwa na ngazi zake mbali kabisa. Basi zamani hii ilikuwa kazi ya watu wawili: wa buruji huona anayekuja na kupiga ukelele, wa tunduni hudondosha jiwe. Huyu wa tunduni alikuwa kipofu mwenye jiwe.

Alipiga magoti, akatazama chini. Sauti ya Kimeu ikatangulia kabla ya mwili wake.

"Afande! Jino la nyuma halipo! Daktari anasema kidonda bado kibichi. Pale pale hospitali, daftari la meno linamtaja, ameng'olewa juzi jioni. Wakampa pamba aume."

"Vizuri. Sasa mlete Mutinda. Na wewe usiondoke, nataka mpite hapo mlangoni, mmoja mmoja."

Kimeu akapita kichwa wazi. Twaiba akaona upara wake, akamtambua. Mutinda akapita akiwa amejifunga kichwani kile kitambaa anachojikinga nacho vumbi la chokaa. Akaona kitambaa na mgongo. Twaiba akaamuru Kimeu ajifunge kitambaa cha Mutinda, apite tena. Akaona kitambaa na mgongo. Mmoja mnene, mmoja kama ufito, na kutokea juu, katika kiza kile, hawakuwa na tofauti. Sasa alfajiri ingekuwaje?

Twaiba alishuka akiwa na uso mzito. Mutinda alikuwa amesimama mbali na doa, hataki hata kulitazama.

"Nani hufika hapa wa kwanza kila siku?"

"Mimi, afande. Chokaa mbichi haitaki jua. Lazima niinyweshe maji kabla halijachomoza, la sivyo itapasuka. Mzee alikuja baadaye, jua likishapanda."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jana ndio alinitangulia, sijui kwa nini."

Jino, Twaiba aliwaza. Mtu aliyeng'olewa jino hupambazukiwa macho makavu, na mzee asiye na mke wa kuzungumza naye huondoka nyumbani mapema akaone kazi yake.

"Na watu walijua kwamba wewe ndiye wa kwanza?"

"Kijiji kizima. Walinicheka, ati Mkamba anaamka kabla ya jogoo wa mwadhini."

"Mzee akiingia, hufanya nini?"

Mutinda alishangaa swali hilo. "Anasalimia wafu. Hapa ukumbini chini kuna makaburi ya askari wa zamani. Akifika mlangoni tu, kabla hajainama, anapaza sauti, 'Assalaam aleikum, nyinyi mliotutangulia!' Hata mimi huku juu ya ukuta namsikia. Hakuacha hata siku moja."

"Na wewe?"

"Mimi ni mkristo, afande. Naingia tu."

Twaiba alitazama juu kwenye tundu. Yote yakajipanga bila kusukumwa. Mtu alijibanza juu ya tundu bila kuona njia. Hakuwa na mwenzake wa buruji. Alikuwa na dalili mbili tu za kumjua anayekuja: kitambaa kichwani na ukimya mlangoni. Mwenye kitambaa na ukimya ni Mutinda. Lakini jana mzee naye alikuja na kitambaa, taya imefungwa, mdomo umejaa pamba. Wafu wake hakuwasalimia kwa sauti. Aliwasalimia moyoni, akainama.

"Pingu," akamwambia Kimeu. "Mfungue."

"Afande, bosi—"

"Jiwe lile halikuwa la Suleiman. Lilikuwa la huyu."

Mutinda hakufurahi kama afurahivyo mtu aliyefunguliwa. Alishika ukuta, akakaa chini. "Langu?" akauliza. "Mimi? Basi Kavindu yuko pale nyumbani peke yake, na hao watu..."

"Jana ulituambia ulichelewa kwa sababu ulikwenda kuteka maji kwa Mwanapili, dada wa marehemu. Tulipomwuliza akasema hakukuona."

"Aliniona, afande. Naapa."

"Una kisima chako shambani. Kwa nini uende kwake?"

Mutinda aliinua uso. "Njoo ukione hicho kisima," akasema.

Harufu iliwapokea kabla ya shamba lenyewe. Kisimani mlikuwa na mzoga wa mbwa, na juu yake vifusi vya mawe. Kavindu, mkewe, alikuwa mlangoni akifunga magunia kwa kamba ya katani. Alipomwona mumewe bila pingu aliacha fundo nusu, akamkimbilia, akasimama hatua moja mbele yake asiweze kumgusa mbele ya askari. Kisha akamgeukia Twaiba.

"Mama, jioni watakuja. Watoto nimewapeleka kwa wenzetu wa kanisani, lakini hata huko watafika. Mwaka jana walifika."

"Kisima kilitupiwa hivi lini?"

"Siku moja kabla ya mzee kufa. Tuliamka tukakuta hivi. Ndio baba watoto akaanza kutafuta maji mbali."

Twaiba alitazama shamba. Mahindi yalikuwa yamekomaa, mistari imenyooka, kazi ya mtu mwenye bidii. "Haya mmeyapanda nyinyi?"

Mke na mume wakatazamana. Aliyejibu ni Kavindu. "Tuliporudi tuliyakuta. Ni ya Swabir wa Mwanapili, mpwa wa mzee. Tulipokimbia alidhani haturudi. Mzee akamwambia mbele yetu, 'Vuna mahindi yako, kisha umwachie mwenyewe ardhi yake.' Swabir hakusema neno. Alinitazama tu."

Twaiba alisimama pale na leso yake puani. Alijua maana ya mpwa kwa Wadigo. Mjomba ni mama mwenye ndevu. Alicho nacho ni chako, na neno lake huwezi kulitemea. Na Swabir, watu walimwambia jana, ndiye aliyekuwa akiwatembeza watalii ngomeni kabla hoteli za Diani hazijakauka wageni. Ndiye aliyekuwa akiwaonyesha lile tundu.

Yule aliyefukia kisima ili kumchosha Mutinda ndiye aliyemchelewesha. Alijichimbia shimo mwenyewe. Twaiba hakuona hata chembe ya kufurahia ujanja wake wa kugundua.

"Koplo, nenda matangani. Mwite Swabir kwa adabu. Mwambie nahitaji mtu wa kunielezea ngome."

Swabir alikuja ngomeni amevaa kanzu ya msiba, macho mekundu, ndevu hazijaguswa. Alikuwa kijana mrefu. Kwenye kijilango aliinama vizuri, mtu aliyezoea, na ngazini hakujikwaa. Juu chumbani alisimama mbali na tundu.

"Pole na msiba, kaka," Twaiba akasema.

"Tushapoa."

"Nieleze mahali hapa, kama unavyowaeleza wageni. Mimi sikusomea majumba."

Alianza kwa sauti isiyo na chumvi. Adui huja mbio, mlango mfupi humpunguza mbio. Akipenya, mbele yake hakuna njia, kuna ukuta. Lazima akate kushoto, na mkono wake wa panga unabanwa na kona. Lakini wengi hawakufika konani.

"Kwa sababu ya hili tundu."

"Naam."

"Mtu wa hapa juu huona sura ya anayeingia?"

"Haoni. Wa buruji humwambia."

"Na akiwa peke yake?"

"Peke yake haiwezekani."

"Lakini akilazimika. Hana wa buruji, na asubuhi bado kuna kiza. Atamjuaje mtu wake?"

Swabir alilipa tundu kisogo. "Sijui, afande. Zamani hayo hayakutokea."

"Koplo!" Twaiba aliita.

Chini, mtu aliyejifunga kitambaa kichwani alitokeza kwenye kijilango. Hakusema neno. Aliinama polepole, akasimama vivyo hivyo chini ya tundu, mgongo juu.

"Tazama. Nani yule?"

Swabir alisogea, akachungulia, akaruka nyuma kana kwamba sakafu imemchoma. "Mutinda! Mmemfungulia nini?"

Mtu wa chini akainua uso. Alikuwa Kimeu.

"Umesema Mutinda," Twaiba akasema. "Kwa nini hukusema mwingine?"

"Kile kitambaa..."

"Na hakutoa salamu."

Kijana alikuwa akipumua kwa mdomo. Twaiba hakupaza sauti. Angetamani hata asiseme, lakini kazi ni kazi.

"Swabir, juzi jioni mjomba wako alikwenda Msambweni akang'olewa jino. Hakumwambia mtu, unamjua alivyokuwa. Walimtia pamba kwenye kidonda, wakamwambia aume asizungumze. Akajifunga taya kwa kitambaa. Usiku mzima hakupata usingizi. Jana akaja hapa alfajiri."

"Jino?" Swabir aliuliza, kama mtoto.

"Jino."

Swabir alikaa chini palepale, kanzu yake nyeupe ikaenea juu ya mawe, akashika kichwa. Kisha maneno yakatoka yote pamoja.

"Niliingoja salamu. Wallahi niliingoja! Nilijiambia, kama ni Aphu atasalimia." Alimwita mjomba wake kwa Kidigo, kama tangu utoto. "Aphu hajawahi kuacha. Hata mvua, hata homa. Nikasikia miguu, nikasikia kijilango, hapakuwa na salamu. Nikaona kitambaa. Basi nikashika jiwe... Nikatokea nyuma, pale ukuta ulipoanguka, sikutazama. Nilikwenda nyumbani nikanawa. Kisha nikasikia watu wanalia, nikatoka nikalie na wao, nikidhani ni Mkamba. Nikafika pale nikamwona Mkamba yu hai, analia, na Aphu..."

Hakuendelea. Twaiba alimwacha alie. Alimchukia na akamhurumia kwa wakati mmoja, na hakujua lipi lilikuwa zito zaidi.

"Mama yako anajua?"

"Nilimwambia aseme hakumwona Mutinda kisimani. Hakuniuliza kwa nini. Alitazama kanzu yangu yenye vumbi la mawe, akaenda kuichemshia maji."

Adhana ya alasiri ilikwisha adhiniwa walipofika kijijini. Twaiba alimwacha Swabir ndani ya Landrova, Kimeu kando yake, gari limeegeshwa nyuma ya duka ambako watu wasingemwona. Uwanja wa nyumba ya msiba ulijaa. Maiti ilikuwa imekwisha oshwa na kukafiniwa, jeneza liko chini ya turubai, wanaume wanangoja kuliinua kwenda msikitini. Vijana walikuwa kundi lao peke yao kwenye ua wa makuti. Mmoja alikuwa na mtungi wa mafuta ya taa na hakujisumbua kuuficha.

Twaiba alitazama askari aliokuwa nao, akaona aibu kuwahesabu. Angesimama na kutangaza kwamba muuaji ni Swabir, wangesema polisi wamekula kwa watu wa bara. Kulikuwa na mdomo mmoja tu ambao ungeaminiwa na uwanja ule.

Alivua viatu, akaingia chumba cha ndani. Mwanapili alikuwa ameketi mkekani, leso imemfunika mpaka kwenye nyusi. Wanawake wengine waliinuka wenyewe, wakawaacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwita Swabir. Hajarudi."

"Hajarudi, mama. Hatarudi leo."

Mama akainamisha kichwa. Hakupiga kelele. Vidole vyake vilikuwa vikisokota uzi wa mkeka, vikisokota na kufumua.

"Jana uliniambia hukumwona Mutinda kisimani," Twaiba akasema.

"Nilikwambia."

"Ulimwona?"

Nje wanaume walianza kuulizana mbona jeneza haliinuliwi.

"Ndoo yake ilikuwa inavuja," Mwanapili akasema mwishowe. "Nikampa yangu. Nikamtekea mwenyewe, maana kamba ya kisima ina namna yake, mgeni haiwezi. Akaniambia asante mama. Alikuwa angali pale tuliposikia jogoo wa pili." Akainua macho. "Ndugu yangu amekufa kwa jiwe la nani?"

"Lilikusudiwa Mutinda, mama. Swabir hakujua ni mjomba wake. Mzee aling'olewa jino, hakuweza kutoa salamu."

Mwanapili alifumba macho. Twaiba alitaka kumshika akaogopa.

"Nikisema nilimwona Mkamba, mwanangu atanyongwa?"

"Sijui. Hakimu ndiye atakayejua. Siwezi kukudanganya, mama. Lakini usiposema, hawa vijana wakitoka makaburini watakwenda skimu na yale mafuta. Pale kuna mwanamke anaitwa Kavindu. Watoto wake wadogo."

"Namjua Kavindu. Alikuja kunipa pole jana, wakamfukuza mlangoni. Nilimsikia. Sikusema kitu."

"Mama, mimi neno langu hawalitaki."

"Wewe ni askari," Mwanapili akasema bila uchungu. "Hilo ndilo tatizo lako."

Aliinuka. Ilimchukua muda, magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Alijitanda leso upya, akaikaza vizuri kifuani, akatoka. Mwanamke hajitokezi mbele ya jeneza wakati wanaume wako tayari kuliinua, na ndiyo maana uwanja mzima ulinyamaza kabla hajafungua mdomo. Imamu aliinua mkono kumzuia, kisha akaushusha.

"Nisikilizeni," Mwanapili akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mkamba hakumwua Suleiman. Alfajiri ile alikuwa kisimani kwangu, maji nilimtekea kwa mikono hii. Jana niliulizwa nikasema uongo. Aliyemwua Suleiman ni Swabir. Alimkusudia Mkamba, Mungu akamletea mjomba wake. Na Swabir nimemzaa mimi, hakunipa mtu."

Kwenye ua, yule kijana wa mtungi aliuweka chini taratibu, akaupiga teke kidogo ukaingia nyuma ya migomba, akabaki akitazama mikono yake. Mwingine akaketi. Twaiba alikuwa amesimama mlangoni peku, akiwatazama. Kavindu angelala. Kwa usiku huu, angelala.

Ilipaswa awe na furaha. Alitafuta furaha hiyo hakuiona.

Wanaume wakasogea kwenye jeneza, wakashika miti. Mwanapili hakuondoka. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, akitafuta uso fulani kati yao na kuukosa.

"Mtu huingizwa kaburini na damu yake," akasema. "Suleiman hakuzaa mtoto wa kiume, na ndugu mwanamume hakuwa naye. Alikuwa na mpwa mmoja. Sasa nani atashuka mle chini ampokee?"

Imamu alitazama chini. Wenye jeneza walisimama na miti mabegani, wasipige hatua.